Kondensa, Baridi na Makubaliano ya Kigali

Kigali ni mji ulioasisiwa mwaka 1907 na Richard Kandt juu ya vilima vyenye kimo cha takriban mita 1,500, ambako joto la usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ubaridi huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa Ulaya, ambako kondensa ya kupozwa kwa hewa, yaani mabomba yenye mapezi ambamo gesi ya jokofu hutoa joto na kuwa kimiminika, huweza kupoa mno, shinikizo likashuka, valvu ikakosa msukumo wa kupitisha kimiminika cha kutosha, na chumba cha baridi kikaanza kupata joto wakati nje kuna theluji. Ili kuzuia hilo, mafundi walizoea kuzima baadhi ya feni, au kuijaza kondensa kimiminika ili sehemu yake isifanye kazi, njia ya pili ikidai gesi nyingi zaidi. Gharama halisi ya gesi hiyo ya ziada ilidhihirika baadaye: kilo moja ya HFC-134a, mojawapo ya gesi za jokofu za jamii ya HFC, ikivuja, huongeza joto la dunia katika miaka 100 sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi. Tarehe 15 Oktoba 2016, Kigali ilishuhudia mataifa yakikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, kwa kurekebisha Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987.