“Sisi” ni Nani? Funzo la Filamu Fupi

Tarehe 21 Desemba 2015, magaidi walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi. Akafariki Januari 2016.

Kisa hicho ndicho chimbuko la Watu Wote, filamu ya dakika 22 iliyoongozwa na Katja Benrath mwaka wa 2017. Haimwachii mtu mmoja neno la mwisho. Jua, Mkristo aliyefiwa na wapendwa wake, anamshuku kila Mwislamu. Salah yumo katika hatari ileile, na bado ndiye anayeshukiwa. Mtazamaji anaonja uchungu wa wote wawili.

Nilipoitazama hapa Eldoret, kusema kweli, nilikumbuka kanisa la Kiambaa lililochomwa 1 Januari 2008. Kabla ya moto kulikuwa na neno: “madoadoa”. Ndivyo walivyoitwa baadhi ya majirani zetu. Tulilisikia, wasomi tukiwemo, tukanyamaza tu.

Sarufi inatufunza kuwa “sisi” ni nafsi ya kwanza wingi. Haituambii nani wamo ndani. Hilo waliliamua abiria wa Mandera. Sisi tulisubiri kuamuliwa.