Mahali Ilipo Protini: Ramani za Tishu Zinavyoongeza Uelewa wa Saratani ya Matiti

Majibu ya maabara ya saratani ya matiti huwa na vifupisho vitatu, ER, PR na HER2, na mbele ya kila kimoja neno chanya au hasi. Hivyo ni vifupisho vya majina ya protini, na ndizo zinazoongoza uamuzi wa iwapo mgonjwa atanufaika na dawa za kuzuia homoni kama tamoksifeni, au na trastuzumabu, dawa inayolenga HER2. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba daktari wa patholojia hatafuti tu kama protini ipo, bali pia mahali ilipo.

ER, yaani kipokezi cha homoni ya estrojeni, huhesabiwa ndani ya kiini cha seli. Uvimbe huitwa chanya endapo angalau asilimia 1 ya viini vya seli za saratani vimeshika rangi. HER2 huhesabiwa kwenye utando unaoizunguka seli. Rangi iliyobaki ndani ya seli pekee haihesabiwi, hata ikiwa imekolea. Alama ya 3 hutolewa pale utando wote unapokolea katika zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani. Alama ya 2 humaanisha kwamba jibu halijathibitika, hivyo jeni yenyewe hupimwa.

Kinachopeleka rangi mahali pake ni kingamwili, ambayo hunasa protini moja mahsusi. Msingi wa njia hiyo uliwekwa mwaka 1941 na Albert Coons na wenzake, walipounganisha kingamwili na kemikali inayong'aa. Udhaifu wake ni kwamba rangi nyingi zikiwekwa kwenye kipande kimoja cha tishu huingiliana, na jicho hushindwa kuzitenganisha.

Mwaka 2014 watafiti wa Stanford, nchini Marekani, na wa Zurich, nchini Uswisi, walitangaza njia mbili zinazokwepa tatizo hilo kwa kutumia metali adimu badala ya rangi. Kila kingamwili hubebeshwa metali yake. Kisha miale ya ioni, au leza kwa njia ya Zurich, huchokonoa tishu nukta kwa nukta, na mashine hutambua metali kwa uzito wa atomu zake. Kwa namna hiyo protini zaidi ya 30 huonekana kwenye kipande kimoja, kila moja ndani ya seli yake na kando ya majirani zake.

Matokeo yake yamebadilisha maswali yanayoulizwa. Mwaka 2018 timu ya Stanford ilichora ramani za protini 36 katika uvimbe wa wagonjwa 41 wenye saratani isiyo na hata moja ya zile protini tatu, aina ambayo ni ngumu zaidi kutibu. Katika baadhi yao seli za kinga zilikuwa zimechanganyika na seli za saratani. Kwa wengine zilijipanga upande wake, na kati ya makundi hayo mawili kulikuwa na mpaka. Wagonjwa wenye mpaka huo waliishi muda mrefu zaidi. Aidha, PD-L1, protini inayozima mashambulizi ya kinga, ilionekana zaidi kwenye seli za saratani katika kundi la kwanza, na zaidi kwenye seli za kinga katika kundi la pili. Kuhesabu wingi wake pekee kusingeonyesha tofauti hiyo.

Mashine hizi ni ghali na bado ni za utafiti. Hata hivyo, ramani yoyote, ya kisasa au ya kawaida, hutegemea namna sampuli ilivyotunzwa tangu ilipokatwa. Mwongozo wa kimataifa unaelekeza tishu iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa 1, na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Ikicheleweshwa, protini huharibika, na jibu linaweza kusomeka hasi kwa mgonjwa aliyestahili dawa.

Baada ya hapo tishu huhifadhiwa ndani ya nta. Ikitunzwa vizuri hudumu kwa miaka mingi, na mgonjwa anapohamishiwa hospitali nyingine, daktari wake anaweza kuiomba ipimwe upya bila kukata tishu nyingine.