Brussels, Mji Ulioishi kwa Vitabu vya Paris

Katika miaka ya 1830, mpenzi wa vitabu vya Kifaransa aliyeishi nje ya Ufaransa aghalabu alisoma nakala iliyochapwa Brussels. Paris ilitoa riwaya mpya kwa juzuu mbili nene, kila moja faranga 7 na nusu, kurasa zenyewe zikiwa na maneno machache na pambizo pana. Wachapaji wa Brussels, akina Hauman, Méline na Wahlen, waliibana riwaya hiyohiyo ikawa kitabu kidogo cha kutia mfukoni, wakaiuza kwa bei ya chini mno. Mwandishi hakuona hata senti.

Kwa sheria ya Ubelgiji huo haukuwa wizi. Haki ya mwandishi Mfaransa ilikomea mpakani, na ng'ambo ya mpaka kazi yake ilikuwa mali ya yeyote mwenye mtambo. Tena wachapaji hawakungoja kitabu kitoke. Hadithi ikiendelea kwa mfululizo katika gazeti la Paris, wao walikusanya vipande vyake na kuvipanga, mara nyingine toleo la Brussels likatangulia sokoni. Mwandishi wa riwaya Mfaransa, Balzac, alilalamika hadharani mwaka 1834, na mwaka 1838 waandishi wa Paris wakaunda chama chao.

Lakini aliyeumia bila kusikika ni mwandishi wa Ubelgiji. Mchapishaji gani angemlipa kijana wa Liège, ilhali Balzac alipatikana bure?

Mwaka 1852 mambo yaligeuka. Mwezi Machi, Louis-Napoléon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alitoa amri ya kulinda vitabu vya wageni ndani ya Ufaransa, hata kama nchi zao haziwalindi Wafaransa. Hatua ya kijanja: aliyekuwa akidai haki sasa alikuwa ameitoa kwanza. Mkataba na Ubelgiji ulitiwa saini tarehe 22 Agosti, ukaanza kutumika 1854. Tusidhani wachapaji walitubu. Mkataba ulikwenda sambamba na mapatano ya biashara, na Ubelgiji ililihitaji soko la Ufaransa.

Kichekesho ni kwamba miezi hiyohiyo mwandishi Mfaransa Victor Hugo, aliyemkimbia Bonaparte, alikuwa amepanga makazi kwenye uwanja wa Grand-Place mjini Brussels, akiandika Napoléon le Petit, kitabu cha kumshambulia Bonaparte. Kitabu hicho kilitoka Agosti, kikaingizwa Ufaransa kwa magendo. Mlinzi wa waandishi hakuwalinda wote.

Miaka kumi baadaye, Hugo huyo aliuza riwaya yake Les Misérables kwa Lacroix, mchapishaji wa Brussels, kwa faranga 300,000 hivi. Mji uliozoea kuchukua bure sasa ulilipa kuliko Paris.

Kabla ya hapo, mwaka 1858, Brussels ilikuwa imeandaa kongamano la kimataifa la haki za waandishi. Na mkataba wa Berne wa kulinda haki hizo ulipotiwa saini tarehe 9 Septemba 1886, Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi kumi za kwanza, pamoja na Tunisia na Liberia kutoka Afrika.