Nishani ya mmoja, ujasiri wa wangapi?

Jumamosi sikukaa kimbwetani kabisa. Nilichukua daladala Lushoto mjini hadi Soni, nikaendelea na njia ya Sakharani. Wengi mnapajua kwa watawa na mashamba yao. Mimi nilifuata jina.

Sakarani ndivyo Waafrika walivyomwita Tom von Prince, kapteni Mjerumani aliyekuwa na shamba pale. Aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, jeshi la Lettow-Vorbeck lilipowatimua Waingereza na Wahindi waliotokea baharini. Miaka miwili baadaye, Novemba 1916, Lettow akatunukiwa Pour le Mérite, nishani kubwa ya kijeshi ya Prussia. Wakati huo Lushoto yetu, enzi hizo Wilhelmstal, ilishachukuliwa na Waingereza tangu Juni.

Sasa jamani, jeshi la Lettow wengi wao walikuwa askari Waafrika. Nishani kubwa ikaenda kwa bwana mkubwa.

Msidhani upande wa pili ulikuwa tofauti sana. Askari wa KAR walipewa DCM kwa ujasiri, ila kwa miaka mingi ilikuwa DCM ya pembeni, imeandikwa King's African Rifles nyuma. Victoria Cross, ile ya juu kabisa? Hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyeipata, si vita ya kwanza wala ya pili.

Lakini bataliani ya Tanganyika, 1/6 KAR, ina Victoria Cross moja. Sikilizeni kisa chake. Tarehe 19 Mei 1941, pale Colito, Ethiopia, vifaru vya Waitaliano viliwavamia ghafla. Sajenti Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, akarukia kifaru, akafungua mfuniko, akawapiga waliokuwa ndani kwa bastola, akamwacha dereva tu. Kisha akaenda kuwinda vifaru vingine kwa miguu, akifuatana na askari Waafrika. Akapanda kingine, na hapo ndipo alipouawa. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945.

Simdharau hata kidogo. Anayerukia kifaru na bastola hahitaji utetezi wangu. Swali langu ni kwa wale waliomfuata. Kifaru kilikuwa kile kile, risasi zile zile, na wao ni nyama kama yeye. Majina yao hayamo kwenye tangazo.

Nishani, kumbe, huanzia kwenye karatasi. Ofisa aandike alichokiona, wakubwa wakubali. Asiyeandikwa anabaki "askari" tu. Hata ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar, iliyozinduliwa 1927, ina sura na bunduki, lakini jina haina.

Kwa hiyo mkienda likizo, waulizeni wazee. Mkikuta medali ya zamani kwenye sanduku la bibi, msikimbilie kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Geuza, soma ukingoni. Nyingi za Waingereza za vita ya kwanza zilichongwa namba na jina la mwenyewe. Liandike jina hilo mahali, hata kwenye daftari la lekcha.

Haya, nina testi Jumatano na sijasoma kitu. Niombeeni.