Chai ya Waterloo, 1848

Shoga zetu, ile chai ya alasiri tunayoambiwa ni ya umbea tu, iliwahi kuzaa jambo.

Tarehe 9 Julai 1848 Jane Hunt aliwaalika wenzake nyumbani kwake Waterloo, jimbo la New York, Marekani. Walikaa wanawake watano mezani, akiwemo Lucretia Mott, na Elizabeth Cady Stanton, mama wa wavulana watatu aliyechoshwa na kufungiwa na kazi za nyumba. Stanton akayamwaga yote ya moyoni. Huko, kwa desturi ya sheria, mali ya mke ilikuwa ya mume. New York ndiyo kwanza ilianza kulilegeza hilo mwaka huo huo. Sisi, ambao mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, hapo tulisoma mara mbili.

Hawakuishia kulalamika. Waliandika tangazo la mkutano, likatoka gazetini, na siku kumi baadaye watu wakafurika Seneca Falls. Watu 100 walitia saini azimio, 68 wakiwa wanawake. Dai la kura lilipita kwa shida. Hata Mott aliogopa watachekwa.

Kura yenyewe iliingia katiba ya Marekani mwaka 1920. Charlotte Woodward, aliyetia saini akiwa msichana, alikuwa bado hai. Ila alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda kupiga.