Mmea Mtungi na Hewa ya Yangambi

Anayefuatilia historia ya mmea mtungi (Nepenthes), ule ambao ncha ya jani lake hugeuka chombo chenye kifuniko na maji ya kuyeyushia wadudu, hupelekwa moja kwa moja hadi London. Huko Chelsea zilikuwako bustani za biashara za akina Veitch, ambao mtu wao John Dominy alipata chotara wa kwanza wa mimea hii mwaka 1862. Mabanda ya vioo yalipashwa moto kwa makaa ya mawe usiku na mchana, na watafutaji wakatumwa hadi Borneo kuleta aina mpya za kuwauzia matajiri. Biashara ile ya Chelsea ilifungwa mwaka 1914, vita vikafuata, makaa yakaadimika, na makusanyo mengi yakafa. Sifa iliyobaki ni kwamba huu ni mmea wa mwenye fedha na vioo. Sifa hiyo ni ya uongo, na mahali panapouanika uongo wake ni Yangambi, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Kongo, kama kilomita 100 magharibi ya Kisangani. Fedha za Chelsea hazikulipia mmea. Zililipia baridi ya Uingereza. Makaa yale yalinunua kile ambacho Yangambi hupewa bure: wastani wa joto wa nyuzi 25 hivi mwaka mzima, mvua ya karibu milimita 1,800, na unyevu wa msitu usiokauka kwa muda mrefu.

Joto peke yake, hata hivyo, limeua mimea mitungi mingi pia. Watunza bustani wa karne ya 19 waliamini kwamba kila kilichotoka nchi za joto kinataka joto kali, wakaiweka yote katika banda moja. Lakini Nepenthes rajah huishi juu ya mita 1,500 katika mlima Kinabalu huko Borneo, ambako usiku ni wa baridi. Nepenthes ampullaria, rafflesiana na gracilis ni za mabondeni, na haziudhiki na usiku wa nyuzi 20. Somo hili la kulinganisha mmea na mahali Kongo ililifanyia kazi kubwa. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa na utawala wa Ubelgiji mwaka 1933, iliifanya Yangambi kituo chake kikuu cha utafiti, ikaweka vituo vingine katika kanda za hali tofauti, kikiwemo cha Mulungu katika milima ya Kivu. Kahawa ya robusta ikafanyiwa kazi tambarare, ya arabika na mti wa kwinini milimani. Taasisi ile ilitumikia ukoloni, na faida ya mashamba haikuwafikia waliolima. Hilo halipaswi kupambwa. Lakini kanuni waliyoifuata ni ya kweli bila kujali nani aliifuata, na kwa mmea mtungi inatoa jibu lililo wazi: aina za mabondeni ni za Yangambi na Kisangani, aina za milimani ni za Bukavu, huko Kivu. Anayeng'ang'ania rajah barazani Yangambi anarudia kosa la London, tena bila hata kuhitaji makaa.

Kanuni ya pili humsumbua zaidi mtu aliyezoea kulima. Mwaka 1874 Joseph Hooker aliwaeleza wanasayansi waliokutana Belfast jinsi mitungi ilivyoyeyusha ute wa yai na nyama alivyoitumbukizia, na mwaka uliofuata Charles Darwin akatoa kitabu kizima juu ya mimea inayokula wadudu. Tangu wakati ule hoja imethibitishwa mara nyingi: mmea huu hunasa wadudu kwa sababu unaishi mahali penye uhaba wa naitrojeni na fosforasi. Ukiupa samadi, utaiunguza mizizi. Hata ukinusurika, unaposhiba kutoka chini huacha kutengeneza mitungi, na mmea ulioutaka uwinde unabaki majani matupu. Udongo wa Yangambi wenyewe ni mkongwe, wenye tindikali, uliooshwa na mvua karne nyingi, yaani ni maskini kama mmea unavyotaka. Ila ndani ya chungu hushikana na kuinyima mizizi hewa. Bora makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa hadi chumvi iishe, mchanga wa mto wenye chembe kubwa na vipande vya mkaa. Maji yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa, si ya kisima chenye chokaa. Jua la asubuhi liufikie, kwa kuwa kivulini kabisa majani hutoka na mitungi haitoki. Nyama usiutilie. Sisimizi watajileta.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa mto Kongo ana haki ya kulitoa kwa sauti. Katika miaka ya 1950 gugu maji, mmea wa Amerika Kusini unaopendwa kwa maua yake, lilienea mtoni hadi kuzuia vyombo. Kwa nini basi kualika mgeni mwingine? Tofauti iko katika uzazi. Gugu maji hujigawa lenyewe na kuelea. Mmea mtungi una miche dume na miche jike mbalimbali, na vipande vilivyokatwa kutoka shina moja vyote ni vya jinsia moja, haviwezi kupata mbegu. Anayepanda kwa vipande vya mche mmoja hana cha kukimbilia msituni. Zaidi ya hapo, jenasi nzima ya Nepenthes imo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Kongo imo tangu 1976, kwa hiyo mche unaovuka mpaka bila kibali ni magendo, na huenda ni mche ulioibwa porini. Dai jingine la kupingwa linatoka kwa wanaoupenda: kwamba utamaliza mbu. Hautamaliza. Huko Asia wapo mbu wanaokulia ndani ya mitungi hiyohiyo, na mtungi uliozeeka ukajaa mvua afadhali ukatwe. Chandarua kibaki kitandani.

Linalonifanya niamini kwamba mmea huu una nafasi Yangambi kuliko bustani nyingine yoyote ya nchi za joto ni ukoo. Afrika bara haina mmea mtungi wa asili. Walio karibu nasi wako Ushelisheli na Madagaska, ambako Étienne de Flacourt aliuandika mwaka 1658. Lakini katika msitu wa pande za Yangambi hutambaa likoko, Ancistrocladus likoko, aliyeelezwa na mtaalamu wa mimea Jean Léonard mwaka 1949. Uchunguzi wa vinasaba umeiweka jamii yake katika tawi moja na Nepenthes, na kuonyesha kwamba mababu zake walikula wadudu kisha uzao wao ukaacha. Gerhard Bringmann wa Würzburg na Virima Mudogo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa wamechunguza kemikali za mitambaazi hii. Baadhi ya kemikali za ukoo huo zimezuia vimelea vya malaria maabarani. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Triphyophyllum peltatum, alithibitishwa mwaka 1979 kuwa bado anakula wadudu, ila kwa kipindi tu cha maisha yake. Mwaka 2023 watafiti wa Hannover na Würzburg wakaonyesha kinachomwamsha: kukosa fosforasi.

Hapo ndipo kuotesha mimea mitungi nyumbani kunapoacha kuwa pambo. Hebaria ya Yangambi ina vielelezo takriban 150,000, na chuo cha kilimo cha IFA-Yangambi kina wanafunzi. Miche ya likoko iliyonyimwa fosforasi, ikapandwa kando ya Nepenthes katika mchanga uliooshwa, ingeweza kutuambia kama uwindaji wa mababu umefutika kabisa au umebaki na alama katika jani. Hannover walihitaji banda la vioo ili kuuliza swali la namna hiyo. Yangambi inahitaji pipa la maji ya mvua, kivuli chepesi na mtu wa kuandika vipimo kila wiki.