Nani njo dinozori?



Hapa Mwadingusha niliita mzee mmoja wa kooperative yetu "dinozori". Alikataa mbegu mpya ya mahindi mbele ya batu wote. Vijana tulicheka sana. Yeye akaniuliza tu: "Mwanangu, ile jina unajua ilitoka wapi?" Nikanyamaza. Nikaenda kutafuta.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. MPR ilikuwa imeshika Zaire tangu 1967. Katika miaka ile batu wakaanza kuita wakubwa wake badinozori: wanyama wa zamani, wanakula mingi, hawataki dunia igeuke. Mwaka 1992 Colette Braeckman, mwandishi wa Ubelgiji, akaandika kitabu juu ya Mobutu mwenyewe, akakiita Le Dinosaure.

Lakini jina hii inateleza. Nguz Karl-i-Bond, mtu wa kwetu Katanga, alihukumiwa kifo 1977, akasamehewa, akawa waziri mkuu 1980, akakimbia, akamshtaki Mobutu, akarudi 1985. Mwaka 1991 akakubali tena kuwa waziri mkuu, na wapinzani wenzake wakamfukuza. Sasa yeye alikuwa dinozori ao mpinzani? Hata Tshisekedi, baba wa upinzani, alikuwa kati ya bale waliotayarisha Manifeste ya N'Sele, 1967. Na Kengo wa Dondo, waziri mkuu wa Mobutu, akaongoza Senati kuanzia 2007 mpaka 2019. Zaire ilikwisha 1997, batu wengine walibakia palepale.

Kwa hiyo dinozori si umri. Sentrale yetu ya hapa inatoa umeme tangu 1930, na uzee wake si kosa. Walibadilisha mashine zake, ikaendelea. Dinozori ni mtu aliyekaa ndani mpaka anazani nyumba ni yake, halafu anafunga mlango.

Nilirudia kwa mzee, nikaomba msamaha. Akanieleza: mbegu ile ya ibridi, ukiipanda tena mwaka unaofuata haizai vile vile, lazima kununua kila musimu. Mimi mwenye kusoma agronomia nilijua, ila sikusema. Yeye alikuwa anahesabu makuta tu.

Na mimi? Niko mu komite ya shirika letu miaka sita, bila uchaguzi hata mara moja. Bandugu, tuitishe uchaguzi. Mimi jina langu sitaliweka tena.